Kusoma Picha za Kromosomu Darasani: Kwa Nini Kuhesabu Hakutoshi

Picha ya kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, inayowekwa mbele ya mwanafunzi wa baiolojia, awe kidato cha sita mjini Moshi au mwaka wa kwanza katika chuo cha afya mkoani Arusha, huonekana nyepesi kuliko ilivyo. Ni karatasi yenye vijiti vilivyopangwa jozi kwa jozi, kuanzia virefu hadi vifupi, na chini ya kila jozi pameandikwa namba. Mwanafunzi akishaelezwa kwamba binadamu ana kromosomu 46, na kwamba vijiti vitatu penye namba 21 ni dalili ya sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa mwili na akili, hudhani kazi imekwisha: anahesabu, anakuta kilichozidi au kilichopungua, anataja jina la ugonjwa na kufunga daftari. Mwalimu naye humpa alama zote kwa sababu jibu ni sahihi. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo linaweza kuwa sahihi na mwanafunzi akawa hajajifunza kusoma picha hata kidogo, na kwamba kulirekebisha jambo hili hakuhitaji vifaa vya gharama kubwa. Kunahitaji mpangilio mwingine wa mazoezi na uteuzi mwingine wa picha.

Tuanze na namna picha yenyewe inavyopatikana, maana asiyejua ilikotoka hawezi kujua mahali inapoweza kumpotosha. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya seli, kromosomu hazionekani kabisa, kwani zimetandazwa ndani ya kiini zikiwa nyuzi nyembamba mno. Hujikunja na kunenepa kiasi cha kuonekana kwa hadubini pale tu seli inapokuwa katikati ya kugawanyika. Seli nyeupe za damu aina ya limfositi, ambazo ndizo hutumika mara nyingi, hazigawanyiki zenyewe zikiwa katika mkondo wa damu, hulazimika kuchochewa. Kichochezi kinachotumika tangu mwaka 1960 ni protini iitwayo fitohemaglutinini, inayotolewa katika maharage, zao lile lile linalopandwa chini ya migomba katika vihamba vya Kilimanjaro, na protini hiyo ndiyo pia inayofanya maharage mekundu yasiyoiva vizuri kumuumiza mtu tumbo. Damu huwekwa katika chupa yenye heparini ili isigande na seli zibaki hai, kisha hukuzwa kwa muda wa saa 72 hivi katika joto la nyuzi 37. Baada ya hapo huongezwa kolkisini, dawa inayozuia seli kukamilisha mgawanyiko, na hivyo seli nyingi hukwama katika hatua ile ambayo kromosomu zimejikunja zaidi. Seli huvimbishwa kwa maji yenye chumvi hafifu ya kloridi ya potasiamu, huhifadhiwa umbo lake kwa mchanganyiko wa methanoli na asidi ya asetiki, na matone yake hudondoshwa juu ya slaidi. Mwisho, kimeng'enya kiitwacho tripsini hutumika kwa muda mfupi, na slaidi hutiwa rangi ya Giemsa, ambayo wataalamu wa maabara katika zahanati na vituo vya afya vya nchi hii wameizoea kwa miaka mingi kwa sababu ndiyo wanayotumia kutafutia vimelea vya malaria.

Nimeieleza safari hiyo kwa kirefu kwa makusudi, kwa kuwa kila hatua yake huacha alama kwenye picha. Sampuli iliyokaa muda mrefu njiani ikafika seli zimekufa haitoi picha yoyote, tofauti na vipimo vingine vya damu vinavyoweza kufanyika hata kwa seli zilizokwisha kufa. Tone likidondoshwa kwa nguvu, seli hupasuka na kromosomu moja huweza kupotelea mbali na wenzake. Seli mbili zikiangukia karibu, kromosomu ya jirani huonekana kana kwamba ni ya ndani. Kromosomu mbili zikilaliana, jicho lisilo na uzoefu huzihesabu kuwa moja. Kwa hiyo maabara haimtolei mtu majibu kwa kuangalia seli moja. Kawaida huhesabu kromosomu katika seli 20 hivi, na chache kati ya hizo ndizo zinazochambuliwa mkanda kwa mkanda na kupangwa kwenye picha. Mwanafunzi anayepewa picha moja iliyopangwa tayari anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba kuna mtu aliyekwisha kumfanyia sehemu ngumu ya kazi.

Historia ya hesabu hiyo ni somo kamili. Mwaka 1923 Theophilus Painter wa Marekani alitangaza kwamba binadamu ana kromosomu 48, na kwa zaidi ya miaka 30 watafiti waliofuata waliendelea kufundisha namba hiyo. Haikusahihishwa hadi Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliokuwa wakifanya kazi Lund nchini Sweden, walipochapisha mwaka 1956 matokeo yanayoonyesha kromosomu 46, wakisaidiwa na mbinu ya kuvimbisha seli ambayo hapo awali haikuwapo. Ninapenda wanafunzi walijue jambo hili kabla hawajashika picha yoyote, kwa sababu linaonyesha jinsi mtu aliyeambiwa mapema atakachokiona anavyokiona kweli, hata kama hakipo. Miaka 3 tu baada ya hesabu kusahihishwa, mwaka 1959, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walieleza huko Paris kwamba watoto wenye sindromu ya Down wana kromosomu ndogo ya ziada. Ugunduzi huo ungewezekanaje iwapo hakuna aliyekuwa na uhakika wa idadi ya kawaida?

Sasa tuje kwenye kusoma. Kromosomu hutambulika kwa mambo matatu: urefu wake, mahali ilipo sentromea, yaani sehemu ile iliyobana inayogawa mkono mfupi na mkono mrefu, na mpangilio wa mikanda myeusi na myeupe inayotokana na rangi. Mkono mfupi huandikwa kwa herufi p na mrefu kwa herufi q. Kabla mikanda haijagunduliwa, watafiti waliokutana Denver mwaka 1960 walizipanga kromosomu katika makundi saba, ambayo baadaye yalipewa herufi A hadi G, kwa kuzingatia urefu na sentromea peke yake. Kundi A lina kromosomu ya 1 hadi ya 3, ambazo ni kubwa na ni rahisi kuzitenganisha. Kundi C, lenye kromosomu ya 6 hadi ya 12 pamoja na X, humsumbua kila anayeanza. Kundi D lina ya 13, 14 na 15, na kundi G lina ya 21 na 22 pamoja na Y, na haya mawili yana sifa ya kuwa na sentromea karibu kabisa na ncha. Hata leo ni busara kumfundisha mwanafunzi makundi haya kwanza, kwani humpa mahali pa kuanzia kabla ya kuzama katika mikanda. Mpangilio huo una dosari moja iliyoachwa kama ilivyo: kromosomu ya 21 ndiyo fupi kuliko zote, ingawa kwa namba ilipaswa kuwa ya 22, lakini jina lilikwisha kuenea kabla vipimo kamili havijapatikana, na hakuna aliyetaka kuwachanganya madaktari kwa kulibadilisha.

Kulinganisha jozi ndiyo kazi yenyewe. Kromosomu mbili za jozi moja ni mithili ya doti ya kanga: vipande viwili vyenye urefu mmoja, pindo moja na mji mmoja, ambavyo ukivilaza sambamba nakshi zake hulingana kutoka ncha hadi ncha, ila hapa kipande kimoja kimetoka kwa mama na kingine kwa baba. Mwanafunzi anayesoma kwa kulinganisha hatafuti ugonjwa. Anafuatilia mkanda hadi mkanda, na pale nakshi zinapoacha kulingana ndipo anaposimama na kueleza anachokiona. Ubaya wa mazoezi ya kuhesabu peke yake ni kwamba mwanafunzi hafiki hatua hii, kwa sababu idadi humpa jibu kabla hajaangalia jozi hata moja.

Nadhani ni vyema mikono ya wanafunzi ianze na mimea. Ncha za mizizi ya kitunguu huonyesha kromosomu 16 zilizo kubwa kiasi cha kuonekana kwa hadubini ya kawaida ya shule, na katika mkoa unaolima vitunguu vingi kama vile vya Mang'ola hakuna shule inayoweza kusema imekosa malighafi. Mgomba nao una funzo ambalo vitabu vyetu hulipita haraka. Mchare, ndizi inayopikiwa mtori Uchagani na Umeruni, una seti mbili za kromosomu 11, jumla 22; ndizi nyingi nyingine za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki zina seti tatu, jumla 33, na seti hizo tatu haziwezi kugawanyika kwa usawa wakati wa kutengeneza seli za uzazi, jambo ambalo ni sababu mojawapo ya ndizi hizo kukosa mbegu. Watafiti wanaojaribu kupata aina bora za Mchare katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, hulazimika kuzingatia hesabu hizi za seti kila wanapochagua mimea ya kuzalishia. Mwanafunzi akielewa kwamba mgomba huishi na kustawi ukiwa na seti nzima ya ziada, atauliza swali linalofaa: kwa nini binadamu hawezi?

Jibu la swali hilo ndilo linaloyapa majina ya magonjwa maana. Kila kromosomu imebeba mamia au maelfu ya jeni, na mwili wa binadamu hauvumilii jeni nyingi kuwa katika kipimo cha mara tatu badala ya mbili. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza huwa na kasoro ya kromosomu, na kati ya trisomi, yaani hali ya kuwa na nakala tatu za kromosomu moja badala ya mbili, ile ya kromosomu ya 16 ndiyo inayoonekana zaidi, ingawa mtoto mwenye trisomi kamili ya 16 hazaliwi akiwa hai. Trisomi zinazofika kwenye uzazi ni hasa za kromosomu ya 21, ya 18 na ya 13. Sababu ya kuwa hizo tatu si udogo wake. Kromosomu ya 13 ni ndefu kuliko ya 19, lakini ya 19 imesongamana jeni zaidi ya elfu moja zinazotengeneza protini, ilhali ya 13, ya 18 na ya 21 zina mia mbili hadi mia tatu na kitu kila moja. Mwili huvumilia kwa kadiri ya mzigo wa jeni. Hata hivyo uvumilivu huo ni mdogo: wengi wa watoto wenye trisomi ya 13 au ya 18, ambazo zilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960, hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, ilhali watu wenye sindromu ya Down, ambao karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, huweza kuishi miaka mingi wakipata matibabu na malezi yanayofaa.

Kromosomu za jinsi, ambazo kwa mwanamke ni XX na kwa mwanamume ni XY, hufuata kanuni nyingine. Mwaka 1961 Mary Lyon alipendekeza kwamba katika kila seli ya mwanamke X moja huzimwa mapema katika ukuaji, na ndiyo maana X ya ziada haina madhara makubwa kama ya kromosomu nyingine yenye ukubwa kama huo. Mwanamume mwenye XXY, hali iitwayo sindromu ya Klinefelter, huweza kufika utu uzima bila kujua, akagundua pale tu anapokwenda hospitali kwa sababu ya kukosa mtoto. Msichana mwenye X moja tu, hali iitwayo sindromu ya Turner inayompata takriban mmoja kati ya wasichana 2,500 wanaozaliwa, mara nyingi huwa mfupi na huchelewa au hukosa kuvunja ungo, na anahitaji kuchunguzwa moyo. Katika picha, hali zote mbili huonekana mwishoni kabisa mwa ukurasa, mahali ambapo wanafunzi wengi wamekwisha kuchoka kuangalia.

Sasa nifike kwenye kiini cha jambo, yaani picha ambazo hesabu yake hudanganya. Chukua familia ambayo mama ana afya njema na picha yake ina kromosomu 45. Mwanafunzi wa kuhesabu ataandika kwamba mama ana upungufu na ni mgonjwa. Mtoto wake ana sindromu ya Down, na picha yake ina kromosomu 46. Mwanafunzi yule yule ataandika kwamba mtoto ni mzima. Amekosea mara mbili, na amekosea kwa kufuata sawasawa alichofundishwa.

Kilichotokea ni kwamba kromosomu ya 14 na ya 21, zote zikiwa na sentromea karibu na ncha, ziliungana, mkono mrefu wa moja ukashikana na mkono mrefu wa nyingine, na mikono mifupi ikapotea. Mikono hiyo mifupi hubeba jeni zinazorudiwarudiwa katika kromosomu nyingine za aina hiyo, kwa hiyo kupotea kwake hakumdhuru mama. Ana vifaa vyote anavyohitaji, isipokuwa vimefungwa katika furushi moja badala ya mawili. Tatizo huja anapotengeneza yai. Yai likipokea kromosomu ile iliyoungana pamoja na kromosomu ya 21 iliyo huru, kisha mbegu ya baba ikaleta ya 21 nyingine, mtoto huwa na mikono mirefu mitatu ya kromosomu ya 21, ingawa ukihesabu vijiti utapata 46. Wataalamu huandika hali ya mtoto huyo, akiwa wa kike, hivi: 46,XX,der(14;21)(q10;q10),+21. Mwanafunzi hahitaji kukariri alama zote; inatosha atambue kwamba namba ya kwanza ni idadi, herufi zinazofuata ni kromosomu za jinsi, na yanayobaki ni maelezo ya kilichobadilika na mahali kilipobadilikia. Kwa kulinganisha, Down ya kawaida ya mtoto wa kike huandikwa 47,XX,+21.

Takriban asilimia 95 ya watu wenye sindromu ya Down wana kromosomu ya 21 ya tatu iliyo huru, iliyotokana na kromosomu kushindwa kuachana wakati wa kutengeneza yai au mbegu. Asilimia 3 hadi 4 hutokana na muungano wa aina niliyoieleza, na wachache waliobaki wana mchanganyiko wa seli za kawaida na zenye trisomi. Mtu anaweza kusema kwamba mwanafunzi wa sekondari hana haja ya kujishughulisha na asilimia 3. Mimi naona kinyume chake. Daktari wa watoto mwenye uzoefu mara nyingi hushuku sindromu ya Down kwa kumtazama mtoto, na picha ya kromosomu hutafutwa si kwa ajili ya kuthibitisha tu, bali kwa ajili ya swali ambalo mama atauliza kabla hajatoka chumbani: je, mtoto atakayefuata? Ikiwa kromosomu ya ziada ni huru na mama ni kijana, uwezekano wa kujirudia ni kama asilimia 1. Ikiwa mama amebeba muungano wa 14 na 21, uwezekano ni kati ya asilimia 10 na 15. Ikiwa mzazi amebeba muungano wa kromosomu mbili za 21, kila mtoto wake atakayezaliwa hai atakuwa na Down. Sura ya mtoto ni ile ile katika hali zote tatu. Picha tu ndiyo inayozitenganisha. Kumfundisha mwanafunzi kusoma picha huku ukimficha sababu ya kuipiga ni kumpa nusu ya somo.

Hapa pia ndipo swali la lawama hujitokeza, kwani katika jamii zetu mama ndiye hubebeshwa. Ni kweli kwamba katika Down ya kawaida kromosomu ya ziada hutoka kwa mama katika karibu asilimia 90 ya matukio, na kwamba uwezekano hupanda kwa umri, kutoka takriban mmoja kati ya watoto 1,500 kwa mama wa miaka 20 hadi karibu mmoja kati ya 100 kwa mama wa miaka 40. Sababu ni ya kibaiolojia. Mayai ya mwanamke huanza mgawanyiko wake yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama katikati kwa miaka mingi hadi yai linapokomaa, na kadiri muda unavyopita ndivyo vishikizo vya kromosomu vinavyolegea. Hakuna chakula, kazi, hofu wala husuda ya jirani inayoingia katika maelezo hayo. Mwalimu asiwe na haraka mahali hapa.

Kuna hali nyingine ambayo hesabu ya seli moja haiwezi kuifichua, nayo ni mchanganyiko wa seli za aina mbili ndani ya mtu mmoja. Jambo hili lina faida ya kuunganisha baiolojia na hisabati. Tuseme asilimia 10 ya seli za mtu zina kasoro. Ukichunguza seli 5, uwezekano wa kutokutana na hata moja yenye kasoro ni 0.9 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 5, yaani kama asilimia 59. Ukichunguza 20, uwezekano huo hushuka hadi asilimia 12 hivi, na inakupasa ufikie seli 29 ndipo ushuke chini ya asilimia 5. Wanafunzi wa kidato cha tano wanaweza kuikokotoa hesabu hii wenyewe, na wakishaikokotoa hawatauliza tena kwa nini majibu ya maabara huchukua muda. Kwa sindromu ya Turner jambo hili si la pembeni, kwa kuwa karibu nusu tu ya wasichana wenye hali hiyo ndio wenye X moja katika seli zote. Wengine wana mchanganyiko au X ya pili iliyobadilika umbo.

Mabadiliko ya umbo yasiyogusa idadi yanastahili angalau mifano miwili. Mwaka 1963 Lejeune na wenzake walieleza watoto waliopoteza sehemu ya mkono mfupi wa kromosomu ya 5, ambao kilio chao utotoni hufanana na cha paka. Katika picha idadi ni 46, na usipolinganisha jozi ya 5 kwa makini unapita tu. Mfano wa pili ni wa mwaka 1960, pale Peter Nowell na David Hungerford walipoona kromosomu ndogo isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu. Mwaka 1973 Janet Rowley alionyesha kwamba kipande kilichodhaniwa kupotea kutoka kwenye kromosomu hiyo, ambayo ni ya 22, kimehamia kwenye kromosomu ya 9, na baadaye ilibainika kwamba kipande cha 9 nacho kimehamia kwenye ya 22. Mfano huu una thamani ya pekee kwa kuwa mabadiliko hayo hayarithiwi. Hutokea katika seli za uboho wa mtu mzima, na huwafundisha wanafunzi kwamba kasoro ya kromosomu si lazima iwe jambo la kuzaliwa nalo.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni ile isiyoonekana. Mwulize mwanafunzi wa Moshi ataje magonjwa ya kurithi anayoyafahamu, na kabla hajafika kwenye Down ataanza na selimundu na ualbino. Ni haki yake. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu, na ni hapa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, ulikoanzishwa utengenezaji wa mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Lakini picha ya kromosomu ya mtoto mwenye selimundu ni ya kawaida kabisa. Kasoro yake ni herufi moja tu iliyobadilika katika jeni iliyo kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 11, herufi moja kati ya takriban bilioni 3. Ualbino unaoonekana zaidi hapa kwetu hutokana mara nyingi na kupotea kwa herufi kama 2,700 katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 15, nao pia hauonekani, kwa sababu mikanda ya Giemsa haiwezi kuonyesha upungufu wa chini ya herufi milioni 5 hivi. Selimundu hutambuliwa kwa kuchunguza hemoglobini, na ualbino kwa kumwangalia mtu na kuchunguza jeni. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba ugonjwa wa kurithi huonekana kwenye kromosomu, bila mpaka huu kuchorwa, atabaki akiamini kwamba picha safi ni cheti cha afya.

Ndiyo maana napendekeza kwamba katika kila picha tano anazopewa mwanafunzi, mbili ziwe za kawaida, na asiambiwe ni zipi. Moja kati ya hizo mbili iambatane na maelezo ya mtoto mwenye maumivu ya viungo, macho ya njano na upungufu wa damu, ili ajikute akilazimika kuandika kwamba picha hii haijibu swali lililoulizwa. Asitaje jina la ugonjwa mpaka awe ameandika kwa sentensi kamili kile alichokiona: idadi, kromosomu za jinsi, jozi isiyolingana na mkono ulioathirika. Alama nyingi ziende kwenye maelezo hayo, na chache kwenye jina. Nimeona katika madarasa kwamba mwanafunzi anayelazimishwa kueleza kwanza hupunguza mwendo na macho yake hurudi kwenye kundi C, ambalo hapo awali aliliruka.

Upande wa vifaa, zoezi la mkasi na gundi bado halijapata mbadala ulio bora: kromosomu zilizotawanyika kwenye karatasi hukatwa na kupangwa kwa mkono, na mwanafunzi hulazimika kuamua kila kijiti ni cha jozi gani. Tatizo ni kopi. Picha iliyotolewa kopi ya kopi katika steshenari hupoteza rangi ya kijivu, mikanda hugeuka kuwa madoa meusi, na mwanafunzi hujikuta akibahatisha. Ikiwa hakuna uwezo wa kuchapa vizuri, ni afadhali kutumia michoro inayoonyesha urefu na sentromea tu na kufundishia makundi A hadi G, kuliko kujidanganya kwamba mikanda inaonekana. Karatasi chache zilizochapwa vizuri na kugandishwa kwa plastiki hutumika mwaka hadi mwaka.

Picha halisi za wagonjwa zina sharti lake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya na za vinasaba ni taarifa nyeti, na haitoshi kufuta jina pembeni mwa picha ikiwa maelezo yanayoiambatana yanataja kijiji, umri na ukoo. Katika miji ambayo watu hufahamiana kama Moshi, maelezo mawili matatu humtambulisha mtu. Zaidi ya hapo, katika darasa lolote kubwa yupo mwanafunzi mwenye mdogo wake, binamu yake au shangazi yake mwenye mojawapo ya hali hizi, na anasikiliza kila neno. Mwalimu aseme mtoto mwenye sindromu ya Down, si mtoto wa Down wala majina ya kudhalilisha yanayosikika mitaani, na asiruhusu vicheko kwenye picha za nyuso. Mimi ningeziacha kabisa picha za nyuso katika somo hili, kwani mwanafunzi akiuona uso ataacha kusoma kromosomu.

Mwalimu mwenye vipindi viwili tu, ambaye hawezi kufanya yote haya, na achague picha tatu: moja ya kawaida, ile ya mama mwenye 45 na ile ya mtoto wake mwenye 46. Asiwaambie wanafunzi kwamba wawili hao ni wa familia moja mpaka kila mmoja awe ameandika majibu yake, kisha aziweke picha hizo mbili ubaoni sambamba na kuwataka waitafute kromosomu ya 21 iliko.